Pasaka Kizota, bila gari

Ndugu zangu, kimya changu kimekuwa kirefu. Nisameheni. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama bado nipo au nimeolewa kimya kimya. Bado nipo. Hilo la pili likitokea mtalisikia kwa shangazi zangu kabla hamjalisikia kwangu.

Leo nataka kuwasimulia Pasaka yangu ya mwaka 2025. Niliila Dodoma, pale Kizota, peke yangu, bila gari na bila ndugu. Nimekaa na habari hii muda mrefu kwa sababu sikujua niiandike vipi bila kujifanya shujaa. Sikuwa shujaa. Mtaona wenyewe.

Nilikuwa Dodoma kwa ajili ya Bunge la Bajeti. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nakula chai. Kwa hiyo wenzangu wakati wakilala kwenye hoteli za karibu na Bunge, mimi nilichukua chumba cha elfu ishirini kwenye gesti moja ya Kizota. Bahati nzuri kulikuwa na mwenzangu mmoja mwenye gari ambaye alifikia kwa dada yake huko huko. Asubuhi ananipitia, jioni ananirudisha. Wiki mbili nzima niliijua Dodoma kupitia dirisha la gari lake, kioo juu kwa sababu ya vumbi, redio inaimba, sisi tunasengenya wabunge.

Alhamisi tarehe 17 Aprili mwenzangu akawasha gari kwenda Iringa kwa wazazi wake. Mimi nilitaka treni. Nauli ya treni ya kawaida ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar ilikuwa shilingi 31,000, na hiyo nilikuwa nimeitenga kabisa kwenye bahasha. Tatizo nilikwenda kukata tiketi Jumatano. Jumatano ya kabla ya Pasaka, jamani! Watu wenye akili zao walishakata zamani. Mabasi yalikuwepo, lakini kutoka Dar ilibidi niendelee hadi Muheza kwa mama, na malipo yangu ya Machi yalikuwa hayajaingia. Nikapiga hesabu ya kwenda, ya kurudi na ya zawadi za watoto wa kaka. Haikukaa sawa.

Kuna na sababu nyingine, niiseme tu. Sikuwa na hamu ya kukalishwa mkekani katikati ya shangazi zangu na kuulizwa, "Sasa hiyo kazi yako inakulipa kweli?" Swali nalijua. Jibu pia nalijua. Nikabaki.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu dada wa mapokezi aliniletea daftari nisaini upya kwa kuwa nimeongeza siku. Daftari la gesti zetu mnalijua: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, saini.

"Dada, hapa hujajaza. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Niandike Dar?"

"Siendi Dar."

Akaniangalia. Halafu akauliza kwa adabu kabisa, sauti ya chini, "Kuna mtu unamsubiri?"

Nikaelewa. Msichana peke yake, gesti, sikukuu. Ni hadithi gani nyingine ingeweza kuwepo? Nikasema hapana, sina mtu ninayemsubiri, nimekosa tu usafiri. Akaacha ile sehemu wazi. Nina hakika hakuniamini. Na kusema kweli siku ile mimi mwenyewe nilijiona kama mtu wa kutiliwa shaka.

Mchana njaa ikanitoa chumbani. Mama ntilie wa jirani alikuwa amefunga, na kibanda cha chipsi nacho kimefungwa. Nikaamua kwenda mjini. Nikasimama kituoni kusubiri daladala, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu, daladala zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Palikuwa na bibi wawili na vitenge vyao. Mmoja akanisalimia, "Mbukwa!" Mimi, mtoto wa Muheza, nikajibu, "Asante." Walicheka hadi wakashikana mabega. Wakanifundisha kujibu Kigogo, nikakosea tena, wakacheka tena. Daladala haikuja. Wao wakaanza kutembea, nami nikawafuata.

Kizota, kwangu, lilikuwa jina la kwenye televisheni. Novemba 2012 nikiwa sekondari, Mkutano Mkuu wa CCM ulifanyika kwenye ukumbi wa Kizota, na jina hilo lilitajwa kwenye taarifa ya habari kila usiku. Nikadhani ni mahali pa zulia na viyoyozi. Kumbe ni mtaa wa watu: maghala ya nafaka, reli ya zamani, gereji, malori yanayoelekea Singida, nyumba za matofali ya saruji zisizokwisha, vibanda vya mkaa, watoto na tairi. Kutoka pale hadi Nyerere Square nilitumia zaidi ya saa moja kwa mguu. Kwa gari la mwenzangu ilikuwa nyimbo tatu.

Nyimbo tatu hazikutoshi kuona kitu. Kwa mguu nikaona kwamba pembeni ya barabara ile kuna barabara nyingine, ya udongo, isiyo na lami wala jina, iliyochongwa na nyayo za watu. Inapita nyuma ya mitaro, inavuka vichaka, inapotea kwenye ukuta wa mtu na kuibukia mbele. Ijumaa ile ilikuwa imejaa watu: waliotoka ibadani, wauza karanga, wanaosukuma baiskeli zenye madumu ya maji. Wiki mbili nilikuwa nikipita mita kumi kutoka kwao nisiwaone.

Hapa naomba niwarudishe nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu kichwani kwangu ndiko ilikokwenda wakati natembea.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango wa mji ukatoka mwaka 1976, umechorwa na kampuni ya Canada kutoka Toronto, Project Planning Associates. Niliusoma mwaka 2023 nilipokuwa naandika habari ya miaka 50 ya ule uamuzi. Ni mpango wa kushangaza. Wakati huo dunia ilikuwa imeshaona Brasilia, iliyozinduliwa 1960, mji mkuu wa barabara pana za magari. Dodoma ilitakiwa iwe kinyume chake. Ilichorwa kwa ajili ya mtu asiye na gari: makazi ambayo shule, duka na huduma ziko umbali wa kutembea, njia za miguu na baiskeli, na mabasi yenye njia yao yakiunganisha makazi na makazi. Mji mkuu wa nchi ya wakulima, siyo wa kutisha wakulima.

Pesa hazikupatikana za kutosha, miaka ya themanini ikawa ya foleni za sukari, na mpango mwingi ukabaki kwenye karatasi. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali inahamia kweli. Mei 2017 akaivunja CDA, na 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Watu wakaja. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956, ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Na karibu kila mwenye nafasi katika hao waliokuja alikuja na gari lake, au anatafuta la mkopo. Mji uliobuniwa kwa ajili ya waenda kwa miguu ukaanza kuwaona waenda kwa miguu kama watu waliochelewa kufanikiwa.

Nilifika Nyerere Square nimevimba vidole. Nikanunua mahindi ya kuchoma, nikakaa kivulini, nikajisikia nimefanya kitu. Kurudi nikachukua bodaboda, elfu mbili. Kijana akanipa namba yake. "Dada mgeni, wakati wowote." Nikai-save kwa jina la Boda Kizota, nikasahau.

Jumamosi nikapata kiburi. Nikaenda mnadani Msalato, barabara ya Arusha. Ramani inaonyesha ni karibu, lakini bila gari ni daladala mbili, kwa sababu kila kitu lazima kipite mjini kwanza. Moshi wa nyama unauona kabla hujashuka. Mitumba, ng'ombe, mbuzi, sufuria, dawa za meno za mitishamba, muziki kutoka spika tano tofauti. Nikaagiza nusu kilo ya mbuzi na ndizi. Mchomaji akaniuliza, "Na mwenzio?" Nikamwambia niko mwenyewe. "Nusu yote hii?" Nusu yote hii, kaka. Akaniwekea na ya ziada, naona kwa huruma.

Jamani, kula peke yako hadharani ni kazi. Sijui kama mmewahi kujaribu. Mikono inakuwa mingi. Unashika simu hata kama bando limeisha.

Jumapili ya Pasaka nilisali asubuhi kanisa la mtaani pale Kizota, nikarudi, nikampigia mama. Nyuma yake nilisikia watu wote: wajomba, watoto, sufuria zikigongana.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Pilau, mama."

Nilikuwa nimekula mkate na soda. Nilipokata simu nililia kidogo, tena bila sababu maalumu. Nikanawa uso. Saa nane hivi mlango ukagongwa. Dada wa mapokezi, na sahani iliyofunikwa na sahani nyingine: ubwabwa, nyama, kachumbari. "Nimepika kidogo tu, mimi na mwanangu. Nikaona na wewe uko peke yako." Ndiyo mara ya kwanza nikajua kwamba ana mtoto, wa miaka miwili, na kwamba wanaishi kwenye kile chumba cha nyuma ya tangi la maji. Kwao ni Kondoa. Naye alikuwa hajaenda kwao. Nilikuwa nimesaini daftari lake mara mbili na sikuwahi kumuuliza kitu chochote. Mwandishi wa habari!

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoionea aibu.

Usiku ule, kama saa nane, mlango ukagongwa tena. Siyo kwa nguvu. Nikaamka, nikatulia. Ukagongwa tena. Mnajua mambo ya gesti, na mnajua dada aliye peke yake anawaza nini mlango ukigongwa saa nane usiku. Mwanga wa simu ulikuwa unaonekana chini ya mlango, nikaufunika kwa mto. Nikashika pumzi. Mara ya tatu ikagongwa, sikujibu. Nikasikia kandambili zikiondoka.

Halafu nikasikia kikohozi cha mtoto.

Sijui nilikaa dakika ngapi kabla sijaelewa. Dakika tano? Labda zaidi. Nilipofungua alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto kifuani, amemfunga kitenge. Mtoto alikuwa anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Ana moto kama chapati ya kutoka jikoni.

"Samahani dada, nilifikiri labda yule mwenzako mwenye gari amerudi."

Hakuwa amerudi. Hapakuwa na gari. Mwenye gesti alikuwa amesafiri. Daladala usiku ule hakuna. Akasema, "Nitangoja kukuche." Hakusema kwa kukata tamaa, alisema kama mtu anayetaja ratiba anayoijua.

Nikakumbuka Boda Kizota. Simu iliita hadi ikakata. Nikapiga tena. Akapokea kwa sauti ya usingizi, na baada ya robo saa tukasikia pikipiki. Tukapanda mshikaki, yeye mbele ya safari, mama na mtoto katikati, mimi nyuma nimeshikilia chuma. Najua hairuhusiwi. Kofia ilikuwa moja. Dodoma usiku ina upepo mkali hata baada ya mvua, na nilichokuwa nafanya njia nzima ni kuikinga shingo ya yule mtoto kwa kiganja changu. Zahanati ya kwanza ilikuwa na kufuli. Kijana hakusema kitu, akageuza. Ya pili, kituo kimoja cha binafsi, taa ilikuwa inawaka.

Nimonia, wakasema. Kuna maneno nesi aliyasema bila kututisha, huku anatafuta mshipa kwenye mkono mdogo namna ile: "Mmefanya vizuri hamkungoja asubuhi."

Gharama ya kwanza ilikuwa elfu ishirini na nane. Nilikuwa na ile bahasha ya treni.

Kijana wa boda alikataa nauli ya usiku, akachukua elfu mbili ile ile ya mchana. Akasema tukihitaji kurudi tumpigie.

Tulikaa pale hadi asubuhi, na asubuhi ikawa mchana. Jumatatu ya Pasaka. Mtoto akapata sindano nyingine, akaanza kuhema taratibu, akaomba maji. Kabla ya saa tano simu yangu ikaanza kutetemeka bila kupumzika: Papa Fransisko amefariki, miaka 88, siku moja tu baada ya kuonekana hadharani akitakia watu Pasaka njema. Mhariri akapiga. "Uko Dodoma? Wahi Kanisa Kuu, nipatie maoni ya viongozi."

Nikamwambia sina usafiri. Akasema, "Chukua teksi, utarudishiwa." Mnajua maana ya utarudishiwa.

Kwenye benchi lile tulikuwa wanawake tisa. Nikawauliza wao. Mmoja, Mkatoliki, alifanya ishara ya msalaba na kukaa kimya muda mrefu, kisha akasema alimpenda kwa sababu alikuwa mzee aliyekubali kuonekana kwenye kiti cha magurudumu. Mmoja, Mwislamu, akasema kufa baada ya kuwaaga watu wako siku ya sikukuu ni neema. Nikaandika yote kwa kidole kwenye simu ya chaji asilimia kumi na moja, nikatuma. Ilitumika sentensi moja. Sikulipwa zaidi ya sentensi moja. Lakini sijawahi kukusanya maoni ya watu nikiwa nimekaa nao usiku kucha kabla ya kuwauliza, na nafikiri tofauti nimeiona.

Jumanne mwenzangu akarudi na gari lake. "Pole! Ulifanyaje huko siku nne bila usafiri?" Nikaanza kumweleza kuhusu nyama ya Msalato.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Agosti 2024, SGR ilipozinduliwa rasmi, niliandika habari iliyosomwa sana kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliandika kwamba kufika Dodoma sasa si shida tena. Sikudanganya. Treni ipo, inakwenda, nimeipanda, na kila mara nashangaa. Lakini niliandika kama mtu anayeshuka stesheni na kukuta gari linamsubiri. Habari yangu iliishia mlangoni mwa stesheni. Yule dada anaanzia hapo. Kutoka kwenye kile chumba cha nyuma ya tangi la maji hadi kwenye taa inayowaka ni safari ndefu kuliko Dar, saa nane usiku, na habari hiyo sikuwa nimeiandika kwa sababu sikuwahi kuwa bila gari saa nane usiku.

Na mimi nilikuwa bila gari siku nne tu. Nikaona ni vituko, nikahesabu malengelenge. Yeye alisema "nitangoja kukuche" kama ratiba.

Mtoto yuko salama. Ile elfu ishirini na nane nilimwambia aiache. Hakuiacha. Amenirudishia yote, tano tano, hadi ya mwisho ya elfu tatu, na kila akituma anaandika, "Dada, Muheza hawajambo?" Nami nimemwachia namba ya Boda Kizota, ingawa sasa anayo kichwani.

Nikifika mji mgeni siku hizi, kabla sijauliza hoteli au mahali pa kula, nauliza swali moja: hapa usiku mtu asiye na gari anampigia nani? Mtaani kwako unalijua jibu? Kama hulijui, muulize anayekufungulia geti.

Haya, Muheza nilikwenda Mei. Shangazi waliuliza lile swali. Nikawajibu.